Neno la Leo: Kupakia

Wazee wetu wa mwambao waliponena kwamba chombo kinapakia, walikusudia kazi yenye taratibu. Kwani hamali hakutupa magunia ngamani ovyo, bali alipanga kila shehena mahali pake, ili jahazi lisiende mrama na mzigo upatikane upesi utakiwapo.

Maana hiyo hiyo naiona ikidumu pale wataalamu wa ramani watumiapo raster2pgsql, programu ya chanzo huria iliyofuatana na PostGIS, kiongezo cha kanzidata kwa habari za ramani, tangu toleo lake la 2.0 la mwaka 2012, kuingiza katika kanzidata picha za rasta, yaani zile zilizofumwa kwa miraba midogo midogo, kila mmoja ukibeba nambari yake, iwe ya kimo cha ardhi au ya kiasi cha mvua. Picha ya miraba 1,201 kwa 1,201 si lazima ipakiwe nzima: yaweza kukatwa vipande vya 100 kwa 100, vile vya ukingoni vikiwa vidogo zaidi, vikapatikana 169, kila kimoja kikawekwa katika safu yake na kutiwa faharasa, hata aulizaye habari za kilima kimoja asilazimike kufungua shehena yote.

Basi nawasihi waandishi wenzangu tusiazime neno la kigeni kwa kazi hii, maana “pakia” tunalo, na kinyume chake, “pakua”, kimekwisha kuzoeleka, kama ziba na zibua. Lugha iliyopakia majahazi karne nyingi haishindwi kupakia nambari.