Muundi na Msamiati: Vazi la Mguu Katika Nyika za Mara



Kiswahili kina maneno mengi ya kuupamba mguu: mtali, furungu, njuga. Ama kwa kuukinga, hasa kutoka kifundoni hadi gotini, msamiati wetu wa kila siku ni haba. Hoja yangu ni kwamba uhaba huo una historia, na sehemu ya historia hiyo imo katika nyika za Musoma, Bunda na Butiama.

Pwani, mwendo ulikuwa wa mchangani na vichochoroni, makubadhi yalitosha. Nyika za Mara zina migunga yenye miiba, nyasi zikatazo, nyoka na mbung'o. Apitaye humo huumia kwanza muundi.

Majeshi ya kikoloni yalikuja na kinga yao. Wajerumani, waliojenga ngome ya Ikoma mwaka 1905, na Waingereza, walioliunda jeshi la King's African Rifles mwaka 1902, ambalo Waswahili waliliita Keya, waliwavisha askari wao ukanda mrefu wa kitambaa uliozungushwa toka kifundoni hadi chini ya goti. Asili yake ni Bara Hindi, na jina lake, patti, kwa Kihindi ni ukanda wa kitambaa. Waingereza walichukua vazi pamoja na jina. Sisi tulipokea kaki, neno la rangi ya vumbi katika Kiurdu, na buti kutoka Kiingereza; patti halikupata makao kama hayo.

Kwa nini? Kaki ilishonwa sare za shule na buti likavaliwa na raia, bali ukanda ulibaki kambini. Tena, mvaaji mwenyewe hakukingwa vya kutosha: kwa miaka mingi askari wa Keya alifungwa miundi huku nyayo zake zikiwa wazi. Aghalabu ukanda huo ulikuwa wa buluu, rangi ambayo leo twajua kuwa huvuta mbung'o, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Majeshi yalipouacha, ukanda ulitoweka, na neno halikuwa na wa kulirithi.

Raia waliendelea kutembea bila vazi hilo. Julius Nyerere alipoanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, shule ilikuwa umbali wa kilomita 40 hivi kutoka kwao Butiama. Mwaka 1967 alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Historia imeuhifadhi mwendo huo kwa sababu aliyetembea alikuwa Rais. Miundi ya mchungaji, mpagazi na askari wa kawaida haikupata mwandishi.

Hapa ndipo penye wajibu wetu. Waliovaa ukanda ule karibu wote wamekwisha, lakini wachungaji wa Butiama na askari wa wanyamapori upande wa Bunda, inapopakana na Hifadhi ya Serengeti, bado huikinga miguu yao kwa namna zao na kuzitaja kwa maneno yao. Kabla hatujaketi mezani kubuni istilahi, twende tukawasikilize. Wahenga walisema, mtembea bure si mkaa bure.