Istilahi za Kamera na Njia ya Misafara: Je, Kamera Yahitaji Skrini ya Kugusa?

Miongoni mwa maswali yanayowakabili wafasiri wa vitabu vya maelezo ya mitambo siku hizi, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi peke yao: je, kamera ya dijitali yahitaji skrini ya kugusa ili mpiga picha aweze kuweka fokasi na kuiongoza mashine yake? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hili ni la lugha pia. Mfasiri anayeamini kwamba kugusa ndiko kuweka fokasi ataandika neno moja mahali pa mambo mawili, na msomaji wake atapotea. Ili kulipima jambo hili tumeona yafaa turudi nyuma na kuifuata kamera katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kupitia Tabora. Njia hiyo ndiyo iliyokieneza Kiswahili bara, na kamera nayo iliifuata.

1. Kamera ilipokuwa mzigo wa pagazi

Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, na nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pagazi mmoja aghalabu alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kila chombo cha msafiri kilipaswa kugawanywa katika mizigo ya kadiri hiyo.

Mwaka 1860 Speke na Grant waliondoka Unguja kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile, na Grant alikuwa na vyombo vya kupigia picha. Wakati huo ulitumika utaratibu wa bamba la kioo bichi, uliobuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kingali na majimaji, kisha kikasafishwa kabla dawa haijakauka. Kwa sababu hiyo hema la giza lilipaswa kuwapo karibu kila mara. Kufanya kazi hiyo ndani ya hema dogo lililofungwa, katika joto la nchi yetu, kulimzidi nguvu Grant, naye akaacha kamera akashika kalamu na rangi. Msafara wao ulifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Januari 1861. Kitabu ambacho Speke alikitoa mwaka 1863 kina picha zilizotokana zaidi na michoro ya Grant.

Sasa tuitazame kamera za aina ile zilivyowekwa fokasi. Nyuma ya kamera palikuwa na kioo chenye ukungu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akaiona sura ya kitu juu ya kioo hicho ikiwa imepinduka kichwa chini, huku mkono wake ukizungusha gurudumu dogo lililosogeza lenzi mbele na nyuma. Hapo palifanyika mambo matatu, nayo yafaa yakumbukwe, kwa kuwa hoja yetu yote imejengwa juu yake. La kwanza ni kuielekeza kamera. La pili ni kuteua ni kitu gani katika sura ile kionekane wazi. La tatu ni kuisogeza lenzi mpaka kitu hicho kionekane wazi kweli. Yafaa pia tuone kwamba kamera ya zamani ilikuwa na kioo mgongoni ambacho mpiga picha alikitazama, kama skrini ya leo. Hata hivyo, mtu hakukigusa kioo kile. Jicho liliteua na mkono ukasogeza lenzi mahali pengine.

2. Kazi ya mkono yabadilika, maneno yabaki

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alitoa habari za bamba kavu, na baada ya miaka michache hema la giza halikuwa lazima tena njiani. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, iliyotumia mkanda badala ya vioo. Kamera hiyo haikumdai mtu kuweka fokasi hata kidogo: lenzi yake iliwekwa kiwandani ili vitu vyote kuanzia hatua chache mbele vionekane wazi kiasi cha kutosha. Basi kabla hatujafika hata kwenye kitufe cha fokasi, seuze kwenye skrini, zilikuwapo kamera ambazo jambo la pili na la tatu katika yale tuliyoyataja hayakumhusu mwenye kamera.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyobebwa kwa kichwa ikapakiwa katika behewa. Mjerumani Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam, aliacha picha nyingi za koloni lile na za vita vya 1914 hadi 1918, na nyingi kati yake zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Upande wa Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Kazi ya picha ikawa ya mjini, nayo ikapata msamiati wake: kupiga picha, mkanda, kusafisha picha.

Tulitazame hili la mwisho. Kusafisha picha kulikuwa kuiosha kwa dawa na maji katika chumba cha giza. Leo mteja humpelekea mwenye duka picha zilizo ndani ya simu, zikachapwa kwa mashine isiyotumia hata tone la maji, na bado wote wawili husema wanasafisha picha. Neno lilitokana na kazi ya mkono. Kazi ile imekoma, neno limebaki. Njia ya misafara inayo mifano mingine ya namna hii. Nguo ya merikani iliitwa kwa jina la nchi ilikotoka, na jina likadumu hata pale nguo ya aina hiyo ilipofumwa kwingine. Hongo ilikuwa malipo aliyotoa mwenye msafara kwa mtawala ili apite katika nchi yake. Misafara ilipokwisha, neno halikufa, bali lilihamia kwenye rushwa.

Hatuyaleti maneno haya ili kuyalaumu. Maadamu jambo linalotajwa ni moja, neno lililopitwa na wakati halimdhuru mtu. Madhara huja pale jambo moja linapoweza kutendwa kwa njia nyingi, nasi tukaliita kwa jina la njia mojawapo. Hapo ndipo ilipofika kamera ya leo.

3. Kidole, kitufe na kioo

Mwaka 1977 kampuni ya Konica ilitoa kamera ya C35 AF, iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kujiwekea fokasi yenyewe. Katika kamera nyingi zilizofuata mtu hubonyeza kitufe cha kupigia picha nusu, mashine ikasogeza lenzi; akikibonyeza mpaka mwisho, picha ikapigwa. Kusogeza lenzi kukawa kazi ya mota. Kilichobaki kwa binadamu ni kuelekeza na kuteua.

Katika kuteua ndiko skrini ya kugusa ilikoingia. Panasonic Lumix G2 ya mwaka 2010 na Canon EOS 650D ya mwaka 2012 ni miongoni mwa kamera za kubadilishwa lenzi zilizotangulia kuwa nayo. Utendaji wake ni huu. Juu ya skrini hutandazwa tabaka jembamba lenye chaji ya umeme. Kidole kikigusa hupunguza chaji mahali hapo, na kompyuta ya kamera hutambua ni mahali gani, kisha huiamuru mota isogeze lenzi mpaka sehemu hiyo ya picha ionekane wazi. Kwa ufupi, kidole hakiweki fokasi. Kidole huonyesha mahali, nayo mashine huiweka.

Wanaoitetea skrini wanazo hoja zenye uzito. Kwa vitufe vya pande nne, kuihamisha alama ya fokasi kutoka katikati mpaka pembeni hudai mibonyezo mingi. Kwa kidole ni mguso mmoja. Katika kupiga picha za mwendo, mtu aweza kuhamisha fokasi kutoka kwa msemaji mmoja hadi mwingine bila kutikisa kamera wala kusikika mlio wa kitufe.

Wanaoipinga nao wana yao. Tumfikirie mpiga picha aliyesimama stesheni ya Tabora adhuhuri ya mwezi wa Oktoba, treni inaingia. Jua limeifunika skrini kwa mng'ao, naye halioni vema hata behewa analotaka kuliteua. Akiinua kamera na kutia jicho katika kijitundu cha kutazamia, ataona vizuri, lakini sasa skrini iko mbele ya pua yake, na huenda pua ikagusa mahali asipokusudia. Matone ya mvua nayo yaweza kuvuruga mguso, na mwenye glavu za kawaida hatambuliwi kabisa. Kitufe hutafutwa kwa kidole bila kukitazama. Skrini laini haina cha kupapasa.

Tena wapo waliokwisha kuteua mahali pa fokasi bila kidole chochote. Kamera ya mkanda ya Canon EOS 5, ya mwaka 1992, ilifuata mwelekeo wa jicho la mpiga picha na kuweka fokasi pale alipotazama. Kamera nyingi za sasa hutambua uso wa mtu zenyewe. Basi jibu la swali letu ni hili: kamera ya dijitali haihitaji skrini ya kugusa. Inachohitaji ni njia ya kuambiwa mahali palipoteuliwa, na mguso ni njia moja tu miongoni mwa njia nyingi.

Hata hivyo ipo hoja moja ambayo sisi wa upande wa lugha hatuwezi kuipuuza. Maandishi juu ya kitufe huchongwa kiwandani, nayo hubaki katika lugha aliyoichagua mwenye kiwanda. Kitufe kilichochorwa juu ya skrini ni maneno matupu, na maneno hubadilishika. Simu nyingi za Android zaweza kuwekwa Kiswahili leo. Ikiwa maongozi ya kamera yatazidi kuhamia kwenye skrini, basi Kiswahili nacho kimepata nafasi ya kuwa lugha ya kuiongoza mashine yenyewe, wala si ya kitabu cha maelezo tu. Kamera yaweza kuishi bila skrini ya kugusa. Lakini nafasi hiyo yatupasa tuikute tukiwa na istilahi tayari.

4. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza matumizi yafuatayo.

(a) Kulenga kuwe ni kuielekeza kamera kwenye kitu kinachopigwa picha. Wako wanaolitumia neno hili kwa maana ya kuweka fokasi pia; tunaona si vema, kwani mtu aweza kulenga sawasawa na picha ikatoka na ukungu.

(b) Kuteua kuwe ni kuchagua sehemu ya picha itakayoonekana wazi, iwe kwa kidole, kwa kitufe au kwa jicho.

(c) Kuweka fokasi kubaki kwa tendo la lenzi kusogea mpaka sehemu iliyoteuliwa ionekane wazi, litendwe na mkono au na mota. Fokasi ni neno la kukopa, lakini wapiga picha wanalo kinywani tayari, nalo halifungamani na kitufe wala skrini. Hatuoni haja ya kuwanyang'anya.

(d) Kugusa na kubonyeza visichanganywe. Hugusa mtu juu ya skrini. Hubonyeza kitufe kinachoingia ndani. Kubofya, kulikozoeleka katika kompyuta, kusitiwe hapa kuwa neno la tatu.

Tofauti hizi si za kupamba kamusi. Mwaka 2015 wapiga kura nchini Tanzania waliandikishwa kwa mashine za BVR, zilizochukua alama za vidole na picha ya kila mtu. Kazi ya namna hiyo hufanywa na watumishi waliotawanyika katika kata na vijiji, ambao mwalimu wao mara nyingi ni karatasi ya maelekezo. Tuchukue kwamba karatasi hiyo imeandikwa hivi: "Lenga uso, kisha bonyeza." Mtumishi hajui kama aelekeze kamera au aweke fokasi, wala kama abonyeze kitufe au skrini. Lakini ikiandikwa: "Lenga kamera. Gusa uso katika skrini ili kuuteua. Subiri fokasi iwekwe. Bonyeza kitufe," kila neno limebeba tendo lake. Na karatasi hiyo ikipelekwa penye kamera isiyo na skrini ya kugusa, sentensi moja tu ndiyo itakayobadilishwa. Mwananchi ambaye uso wake umetoka na ukungu kwenye kadi hatajua kwamba kosa lilikuwa la mfasiri, ila atakayerudishwa dirishani ni yeye.

Grant aliiacha kamera yake kwa kuwa njia ya kuitumia ilishindana na hali ya nchi. Wabunifu wa vyombo wataendelea kubadilisha njia hizo, na huenda skrini nayo ikapitwa kama hema la giza lilivyopitwa. Kazi yetu ni kuyapa majina matendo ambayo kila chombo kipya hukuta bado yapo. Wafasiri, walimu na watumishi wanaokutana na maneno mengine katika kazi zao za picha wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya namna yanavyotumika, ili mapendekezo haya yapimwe na wale wanaoyahitaji.