Mali Bila Daftari: Likasi Kutoka Posho Hadi Asilimia 0.3

Siku ya posho katika kambi za wafanyakazi za Panda na Shituru, mjini Likasi, Katanga, wanawake walipanga foleni na mabeseni. Karani aliita namba ya mume, akateremsha kidole kwenye daftari, akaamuru: unga wa mahindi kiasi hiki, samaki wakavu, mafuta ya mawese, chumvi. Mwenye watoto aliongezewa. Aliyepima alikuwa kampuni ya madini na aliyeandika alikuwa kampuni hiyo hiyo. Mama alijitwisha beseni, akarudi nyumbani kusonga bukari, yaani ugali.

Daftari lile la posho limefungwa zamani, lakini swali lililokuwa ndani yake bado linaulizwa Likasi: pesa ikitolewa kwa ajili ya watu, nani anashika kipimo?

Kabla ya karani kulikuwa na mafundi wa mukuba, yaani shaba. Basanga, na baadaye Bayeke wa mfalme Msiri, walipanda milimani wakati wa kiangazi kazi za shamba zilipopungua, wakakusanya mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu na kumimina misalaba ya shaba. Mwaka 1926 padri Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao akiwaita walaji wa shaba, kwa maana walikula jasho la mlima wao. Fundi mkuu alikuwa na fungu lake, chifu lake, na kila aliyevuta mivukuto alijua lake.

Mapatano hayo yalivunjwa na makaratasi. Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga kusimamia ardhi, na 1906 ikazaliwa kampuni ile ya posho, Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1931 mji wa Likasi ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi na mkuu wa Société Générale ya Ubelgiji. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Walikufa wengi na kutoroka wengi, na kuwatafuta wapya kuligharimu. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mwendo: mfanyakazi alete mke, apewe nyumba, hospitali, shule ya mapadri na posho ya familia.

Nje ilionekana kama huruma. Ndani ilikuwa hesabu: mtoto aliyezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho ambaye hahitaji kusafirishwa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, aliandika mwaka 1946 kwamba Waafrika wana roho za watoto. Mtoto hulishwa, haulizwi. Lakini miaka mitano kabla, Desemba 1941, watu hao hao waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, Jadotville na kwingineko. Tarehe 9 mwezi huo, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville (leo Lubumbashi), askari waliwafyatulia risasi.

Mwaka 1947 Ubelgiji ikaanzisha mfuko kwa ajili ya vijiji, Fonds du Bien-Être Indigène, yaani mfuko wa ustawi wa wenyeji. Ulichimba visima na kujenga zahanati, na wengi walikunywa maji yake. Ila sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka katika mfuko wa hisani. Ilikuwa marejesho ya gharama ambazo Kongo ilibebeshwa wakati wa vita, vita ambavyo Marekani ilivimaliza kwa bomu lililotumia urani ya Shinkolobwe, mwendo mfupi tu kutoka Likasi. Deni lilirudi nyumbani likiwa limevaa nguo za zawadi, na mwanakijiji akafundishwa kusema asante.

Uhuru haukubadili kipimo. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi, na Januari 1967 mali za Union Minière zikawa za serikali; kampuni mpya ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Posho iliendelea, na watu wakasema: Gécamines njo baba, njo mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1993 ilikuwa chini ya 50,000. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake juu ya familia hizo kwa jina la watoto wa Shaba (Katanga ya wakati huo) waliotelekezwa na baba yao.

Mwaka 2003 baba aliaga rasmi. Kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walikuwa hawajalipwa mishahara kwa miezi mingi. Hiari ya mwenye njaa ni ipi? Wengi walilalamika kwamba walichopewa kilikuwa pungufu ya walichodai, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo. Mzozo ulikuwa wa hesabu: miaka yangu ya kazi imeandikwa wapi, na nani ameijumlisha?

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018 ndiyo ya kwanza kugusa daftari lenyewe. Kampuni inatakiwa kutia saini na jamii jirani daftari la majukumu, cahier des charges, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kampuni iliyouza kwa dola milioni 200 itatoa dola 600,000. Fedha hizo husimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii hukaa meza moja. Tena, asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya serikali ya mtaa ambako mgodi upo. Hapa neno zawadi limekufa. Limebaki deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Lakini mezani pale yamebaki mawili magumu. La kwanza, asilimia 0.3 ya nini? Takwimu ya mauzo bado inaandikwa na muuzaji. La pili, jamii ni nani? Chifu wa Basanga anasema ardhi ni ya mababu zake. Mjukuu wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai amezaliwa Kikula, anavuta vumbi lile lile. Likasi inajua hatari ya swali hili: mwaka 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai walifukuzwa, wakalala kituo cha treni wakingoja mabehewa. Mfadhili anayefika na kumuuliza mtu mmoja tu "mwenyeji ni nani?" anaweza kuwasha moto asioweza kuuzima.

Ugonjwa huu wa fedha za watu kupimwa na wengine si wa Katanga peke yake. Katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow, mwaka 2021, serikali na wakfu binafsi ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa wenyeji na jamii za misituni. Ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ilionyesha kwamba takriban asilimia 7 tu ndiyo iliyofika moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji. Mwaka uliofuata ikashuka hadi asilimia 2.1. Iliyobaki ilipita kwa makarani wa leo, yaani watu wa kati.

Sokoni Likasi, unga hupimwa kwa meka, kipimo cha wauzaji. Muuzaji hujaza, husawazisha juu kwa kiganja, na mnunuzi anatazama. Kikipungua anasema, na muuzaji anaongeza. Hawa wawili si ndugu, wala hakuna aliyemfanyia mwenzake hisani. Wanaaminiana kwa sababu kipimo kiko kati yao, na macho manne yanakiona.