Mambo ya kuzingatia unapochagua kifaa cha gari kinachotamka njia

DEREVA anayetoka katikati mwa jiji la Nairobi kuelekea Westlands, Kileleshwa, Lavington au Kangemi anaweza kusaidiwa pakubwa na kifaa cha GPS kinachomtamkia njia. Hata hivyo, sauti hiyo ni sahihi tu iwapo ramani iliyo ndani ya kifaa ni sahihi.

GPS ni mfumo wa setilaiti za serikali ya Marekani zinazozunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kifaa hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne, kisha hukokotoa mahali gari lilipo.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kuchunguza ni umri wa ramani. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Ramani ya kabla ya hapo haiitambui. Vilevile, Barabara ya Dik Dik mtaani Kileleshwa ilipewa jina la Francis Atwoli mwaka 2021. Mnunuzi amuulize muuzaji ramani ilisasishwa lini, na iwapo atalipia kila inaposasishwa.

Ramani mpya nayo haiondoi utata wote. Barabara hiyo ya kulipia hupita juu ya Uhuru Highway na sehemu ya Waiyaki Way, na kifaa chaweza kudhani gari liko juu ilhali liko chini. Anayefuata sauti bila kutazama vibao huenda akajipata akilipa ada ambayo hakuikusudia. Ni heri kununua kifaa kinachoweza kuagizwa kuepuka barabara za kulipia.

Pili ni sauti yenyewe. Baadhi ya vifaa husema tu 'pinda kushoto'. Vingine hutaja pia jina la barabara. Hivi vya pili hufaa zaidi katikati mwa jiji, ambako makutano yamekaribiana na majumba marefu huakisi mawimbi, hivyo kifaa kikakosea kwa mita kadhaa. Sauti isikike vyema hata madirisha yakiwa wazi.

Simu ya kisasa pia hufanya kazi hiyo, na kupitia intaneti huonyesha penye msongamano. Kifaa maalumu hakihitaji intaneti ili kuelekeza, na humfaa anayesafiri mbali na mitambo ya simu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akijaribu kifaa kwa safari anayoijua, mathalan kutoka Kenyatta Avenue hadi Kangemi, atagundua kasoro mapema.

Hatimaye, usalama. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa anayetumia simu huku akiendesha gari. Iwe ni simu au kifaa maalumu, kifungwe mahali kisipomzuia dereva kuona mbele, na mwisho wa safari uandikwe kabla ya gari kung'oa nanga.