Matata ya Mwaka 1994

Kampuni ya Walt Disney iliufungua mwaka 1994 kwa tetemeko la ardhi, ikampoteza rais wake siku ya Pasaka, ikamwona mwenyekiti wake akiingizwa chumba cha upasuaji mwezi Julai, ikaachana na mkuu wake wa filamu mwezi Agosti, na mwezi Septemba ikarudishwa nyuma na wanahistoria huko Virginia. Katikati ya misukosuko hiyo ilitoa filamu ya katuni iliyoingiza fedha kuliko filamu nyingine yoyote ya mwaka ule, na ndani yake wimbo uliowafundisha watoto wa mabara yote, kwa Kiswahili, kwamba hakuna matata.

Nauandikia mwaka huo katika ukurasa wa lugha na ushairi kwa sababu nauona kuwa mwaka wa swali moja lililoulizwa mara tatu: ni nani mwenye mali pale ambapo mali ni ya wote? Liliulizwa kuhusu uwanja wa vita, likaulizwa kuhusu neno, na baadaye likaulizwa kuhusu wimbo. Majibu hayakufanana, na sababu za kutofanana kwake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Tuanze na ufalme wenyewe. Tangu mwaka 1984 Disney ilikuwa ikiongozwa na watu wawili walioingia pamoja: Michael Eisner, mwenyekiti, na Frank Wells, rais. Chini yao alikuwapo Jeffrey Katzenberg, msimamizi wa studio za filamu, mtu wa kazi nyingi na subira chache. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge liliitikisa Los Angeles. Studio ikafungwa kwa muda, na wachoraji wakaendelea kuichora majumbani mwao filamu ambayo ndani ya kampuni ilihesabiwa kuwa ndugu mdogo wa Pocahontas. Wachoraji wengi wenye majina walikuwa wameichagua Pocahontas. Huyu simba alionekana kuwa jaribio tu. Tarehe 3 Aprili helikopta iliyokuwa ikimrudisha Wells kutoka kuteleza kwenye theluji katika milima ya Nevada ilianguka, naye akafariki. Katzenberg alikitaka kiti cha marehemu, Eisner hakumpa. Julai Eisner akapasuliwa moyo, na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba Katzenberg anaondoka. Oktoba alisimama pamoja na Steven Spielberg na David Geffen kutangaza studio mpya, ile tunayoijua kwa jina la DreamWorks. Madai yake ya fedha dhidi ya Disney hayakwisha ila kwa mapatano ya mwaka 1999.

Kulikuwa na mengine. Beauty and the Beast ilipandishwa jukwaani Broadway mwezi Aprili, na bustani ya burudani ya nje ya Paris, iliyokuwa ikizama katika madeni, iliokolewa kwa mapatano na mabenki na kwa fedha za mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudia, kisha ikaanza kuitwa Disneyland Paris. Hayo nayapita.

Filamu yenyewe, The Lion King, ilitoka Juni, na katika mzunguko wake wa kwanza ilikusanya zaidi ya dola milioni 760 duniani. Watazamaji wa Magharibi walimkumbuka Hamlet wa Shakespeare: mfalme anauawa na nduguye, mwana anatangatanga. Msomaji wa tenzi zetu atakumbuka kwingine. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, mtawala anamwogopa jamaa yake shujaa, kisha anamrubuni mwana wa shujaa huyo amuue babaye kwa kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Katika utendi, mwana anaua kweli. Katika filamu, mwana haui, ila anaaminishwa na ami yake kwamba ameua, na hatia hiyo ya uongo ndiyo inayomkimbiza nyikani. Sidai kwamba hawa waliwaiga wale. Nasema tu kwamba hatukuhitaji kwenda Denmark ili kukielewa kisa hiki.

Yanayonishughulisha zaidi ni majina. Simba ni simba, hapana la kuongeza. Rafiki ni rafiki, ingawa mchoraji amempa uso wa nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni, asiyepatikana katika mbuga za Kenya ambako baadhi ya waundaji wa filamu walikwenda kutazama mandhari. Pumbaa, yule ngiri mwenye moyo mwema, ametoka katika kitenzi kupumbaa, na aliyelichagua jina hilo alikuwa na sikio. Hakumwita Mpumbavu. Kitenzi kimeachwa kikiwa kitenzi, na kwa hiyo kina huruma ndani yake, maana anayepumbaa leo huenda kesho akazinduka. Sarabi, mamake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana jangwani wakati wa jua kali. Jina zuri, la huzuni, la kufaa beti. Yule ami mwovu anaitwa Scar, lakini katika kitabu cha hadithi kilichotolewa mwaka huohuo alipewa jina la utotoni, Taka. Mtu hulisikia kwanza kama uchafu. Mswahili atasikia pia kutaka, na kutaka ndiko kulikomwangamiza.

Shenzi ni fisi, na hapo nasita. Neno hili lina historia chungu. Watu wa mwambao walilitumia kuwadharau watu wa bara, kisha mkoloni akalipokea na kumrushia kila mweusi aliyemkera, akiwamo yule wa mwambao aliyekuwa akiwarushia wenzake. Kulisikia likiitwa kwa furaha katika filamu ya watoto, na likivalishwa mnyama anayeishi kwenye makaburi ya tembo nje ya mipaka ya ufalme, kunanikera hadi leo.

Ama Mufasa na Nala, siyakuti katika kamusi zetu, licha ya maana tamu yanayobandikwa mitandaoni. Nala ninayoijua mimi iko pembeni mwa Dodoma.

Kuna kisa cha zamani kinachofaa kusimuliwa hapa. Katika miaka ya 1960 katuni ya Osamu Tezuka wa Japani, inayohusu simba mweupe, ililetwa Marekani. Inasimuliwa kwamba walioileta walitaka mhusika wao aitwe Simba, wakaambiwa na wanasheria kuwa neno la kawaida kama hilo haliwezi kuwa mali yao. Wakabadili herufi moja, akaitwa Kimba. Wakapata neno wanaloweza kulimiliki, nalo ni neno ambalo mtu mwenye adabu halitamki mbele ya mkwewe. Asiyelijua na afungue kamusi.

Sasa twende Virginia, kwa kuwa wakati simba anajaza majumba ya sinema, kampuni ilikuwa vitani huko. Novemba 1993 ilikuwa imetangaza kwamba itajenga bustani iitwayo Disney's America karibu na mji mdogo wa Haymarket, maili chache kutoka Manassas, mahali palipopiganwa mapigano mawili makubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 na mwaka 1862. Historia ya taifa ingegeuzwa maonyesho ya kulipia mlangoni. Ofisa mmoja wa mradi alisema kwamba wageni wangefanywa wahisi ilivyokuwa kuwa mtumwa, na kauli hiyo iliwachoma wengi. Mtu aliyewahi kushuka katika vile vyumba vya chini vya Mkunazini, Unguja, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Serikali ya jimbo iliafiki, ikaahidi kuchangia zaidi ya dola milioni 160. Lakini wanahistoria wakajipanga, miongoni mwao David McCullough na James McPherson, wakaungana na wenye mashamba wa eneo lile ambao hawakutaka msongamano wa magari milangoni mwao. Waliandika magazetini, walihutubia, na suala likafika hadi Seneti. Tarehe 28 Septemba 1994 kampuni ilitangaza kuachana na mahali pale. Naam, kampuni iliyokuwa na filamu yenye mafanikio makubwa kuliko zote za mwaka ilishindwa kupata shamba moja. Uwanja wa vita ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa maprofesa, matajiri na waandishi wa habari, tena wakiishi karibu na Washington.

Mwaka uleule Disney ilipeleka ombi katika ofisi ya Marekani ya alama za biashara ili maneno Hakuna Matata yasajiliwe kwa ajili ya mavazi. Ombi hilo halikufika Seneti. Usajili ulikamilika mwaka 2003, na ghadhabu ya umma ikaja mwaka 2018, pale mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alipofungua waraka wa malalamiko mtandaoni, nao ukatiwa saini na watu zaidi ya laki moja. Iliwachukua wenye maneno miaka 24 kupiga kelele ambayo wenye uwanja wa vita waliipiga ndani ya miezi.

Haki na isemwe. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema, kuandika wala kuimba. Inahusu bidhaa za aina fulani katika nchi fulani. Muuza fulana wa Mombasa hakuguswa na usajili wa Marekani, na waliolalama kwamba tumenyang'anywa lugha walikosea kisheria. Wala Disney haikuwa ya kwanza kuyafanyia biashara maneno hayo. Mwaka 1982 kundi la Them Mushrooms lilitoa Jambo Bwana, wimbo uliotungwa kwa ajili ya masikio ya watalii wa hoteli za pwani ya Kenya, na mwaka uliofuata Boney M wakaupeleka Ulaya kwa mtindo wao. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuvishwa nguo za mgeni kabla mchoraji yeyote wa Los Angeles hajashika penseli. Mswahili akizungumza na Mswahili mwenzake husema hakuna shida, hamna neno, si kitu. Hakuna matata ni Kiswahili sahihi, ila aghalabu ni Kiswahili cha mapokezi ya hoteli.

Malalamiko yangu ni ya namna nyingine. Neno matata lina ukoo mpana na wenye heshima: kutata, kutatiza, kutatanisha, tatizo, utata. Kiini chake ni uzi uliojiviringa hata ncha haionekani. Mtu matata ni mgomvi, au ni hodari asiyeshikika, na vijana wa leo wakisema fulani ni matata wanamsifu. Huko Kongo Matata ni jina la mtu. Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 2012. Ukoo wote huo, katika masikio ya ulimwengu, umebaki na mwana mmoja, tena ndani ya sentensi ya kukanusha. Wanafunzi wageni huja darasani wakiwa nalo tayari, na huona ajabu nikiwaambia kwamba uzi nao hutatana.

Na jambo moja hunishangaza zaidi kila ninapoitazama tena filamu hiyo. Filamu yenyewe haikubaliani na wimbo. Hakuna matata ni falsafa ya Simba wakati amekimbia, anakula wadudu na kusahau alikotoka. Kisa kinageuka pale anapoiacha na kurudi kukabili matata yake. Waliotunga walilijua hilo barabara. Walioandika ombi la alama ya biashara hawakujali, kwa sababu fulana haina nafasi ya nusu ya pili ya hadithi.

Umebaki wimbo. Katika filamu, Timon na Pumbaa wanaimba kipande cha wimbo wa simba aliyelala. Asili yake ni Mbube, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, aliyeuza haki zake kwa bei ya kutupa na kufariki akiwa maskini mwaka 1962. Wamarekani walikuwa wameugeuza na kuuimba kwa miaka mingi kabla ya Disney. Filamu ilimfanya Linda asikike kuliko wakati wowote, na jina lake halikutajwa. Ajabu ni kwamba filamu hiyohiyo iliuthamini Uzulu kwa namna nyingine: Lebo M wa Soweto aliifungulia kwa sauti yake, na ikatafsiriwa kwa Kizulu.

Binti zake walikuwa na kitu ambacho neno halina, nacho ni mtunzi anayejulikana kwa jina na siku ya kufa. Mawakili wao waliiibua sheria ya hakimiliki ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema kwamba haki za kazi iliyouzwa hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hesabu hiyo Mbube ilikuwa imerudi kwao mwaka 1987, miaka saba kabla ya filamu. Mwaka 2004 waliishtaki Disney huko Afrika Kusini. Mapatano yalifikiwa Februari 2006, si na Disney yenyewe bali na kampuni ya muziki iliyokuwa ikidai kuumiliki wimbo, na ikakubaliwa kwamba warithi walipwe, na kwamba Solomon Linda atajwe kuwa mmoja wa watunzi wake.