Jumuiya Ndogondogo na Ukoo wa Mjini
Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, walikata shauri kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji. Huko Kinondoni na Temeke shauri hilo liliwafikia watu wengi walioacha koo zao Songea, Moshi au Bukoba. Majirani husali nyumba kwa nyumba. Ijumaa za Kwaresima huifuata Njia ya Msalaba, Jumapili ya Matawi huandamana na makuti mabichi, Novemba huwaombea marehemu. Lakini kipimo cha jumuiya ni msiba: Mngoni hukesha matangani kwa Mchaga, na jirani Mwislamu huja kuzika. Hivyo twaona kuwa mji haukuua ukoo. Umeujenga upya kwa ujirani.