Ofisa wa mambo ya jamii: kutoka kumshitaki mtoto hadi kumlinda

Katika Kongo ya wakoloni, mtoto aliyezurura mjini au kuombaomba barabarani aliweza kufikishwa mbele ya hakimu. Dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 kuhusu watoto wahalifu ilimweka mtoto asiye na makao pamoja na mwizi. Wabelgiji waliondoka madarakani mwaka 1960, lakini dekreti hiyo ilibaki.

Badiliko kubwa lilikuja na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Iliunda mahakama ya watoto. Hakimu hamtazami mtoto peke yake: humtuma ofisa wa mambo ya jamii achunguze maisha yake na familia yake. Sheria hiyo inakataza pia kumwingiza mtoto katika makundi yenye silaha, na kumsingizia uchawi ni kosa la jinai.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili ni zito. Mtoto aliyepotezana na wazazi njiani si mzururaji wa kushitakiwa. Ni mtoto wa kulindwa, na ofisa huyo ndiye wa kwanza kuulizwa: wazazi wake wako wapi?